Sola na pampu ya joto kwenye nyumba za mwambao wa Kigoma: jinsi ya kupima, kufunga na kuwasha

Kigoma jua halifiki utosini saa sita mchana, linafika saa saba. Mji uko karibu nyuzi 29.6 mashariki, ilhali saa tunazotumia Tanzania nzima zimepangwa kwa nyuzi 45, na kila nyuzi moja ya tofauti ni dakika 4. Zidisha, utapata kama saa nzima. Ndiyo maana Dar es Salaam watu wanapokuwa wameshawasha taa, Kibirizi hapa Kigoma bado wanapanga nyavu kwa mwanga wa jua.

Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo linaloamua kama mtambo wako utakutosha au utakulazimisha kununua betri ya pili. Fundi anayepanga vitu vizito viwake saa nne asubuhi na kuzimwa saa saba amechukua nusu ya kwanza ya jua na kuiacha nusu nyingine ipite bure. Huku kwetu kazi nzito za nyumba, yaani pampu ya maji, kufua, pasi na kupasha maji ya kuoga, zinapaswa kukaa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Na ukipasha maji muda huo kwa pampu ya joto, tangi lako la maji ya moto linakuwa ghala la jua, tena ghala la bei nafuu kuliko betri yoyote.

Pampu ya joto haipashi maji kwa koili inayokuwa nyekundu kama hita ya kawaida. Ni friji iliyogeuzwa: kompresa inasukuma gesi, gesi inachukua joto la hewa ya nje na kulimwaga ndani ya maji. Umeme unahamisha joto tu, hauliumbi, kwa hiyo uniti moja ya umeme inaleta joto la uniti 3 hadi 4 kwenye hewa ya moto kama ya kwetu. Kupandisha lita 150 kutoka nyuzijoto 24 hadi 55 kunahitaji joto la uniti 5.4. Hita ya koili italipia uniti zote 5.4. Pampu ya joto italipia kama 1.6.

Kama nyumba haina sola ya umeme na huna mpango wa kuiweka, nunua hita ya jua ya mirija ya kioo, hutajuta. Pampu ya joto inapata maana pale ambapo paneli zipo tayari au zinakuja, na hasa kwa nyumba yenye mtoto mchanga, mzee, au vyumba vya wageni, ambako maji ya moto hayasubiri siku ya mvua ipite. Ile shawa ya umeme inayopasha papo kwa papo iondoe kabisa kwenye hesabu. Inakula wati 3,500 hadi 5,500 kwa mkupuo na itaiangusha inveta yako, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri kuwa umeme wa nyumbani.

Hesabu kabla ya duka

Chukua nyumba ya vyumba vitatu, tuseme Bangwe au Katonga. Uniti tunayosema hapa ni ileile ya LUKU: wati 1,000 kwa saa moja. Taa 10 za LED za wati 9 kwa saa 5 ni uniti 0.45. Friji ya kisasa 1.2. Televisheni ya wati 80 kwa saa 5 ni 0.4. Feni 3 za wati 50 kwa saa 8 ni 1.2. Simu na kompyuta mpakato 0.3. Pampu ya kupandisha maji kwenye simtanki, wati 750 kwa saa moja, 0.75. Jumla 4.3. Ongeza pampu ya joto 1.6, unapata uniti 5.9 kwa siku.

Kwa jua, hesabu saa 4.5 za jua kamili kwa siku, usizidishe. Kisha toa robo kwa ajili ya joto la paneli, vumbi, waya na inveta. Gawa 5.9 kwa 4.5, kisha gawa kwa 0.75, utapata wati 1,750. Paneli 4 za wati 450 zinatimiza kwenye karatasi. Chukua 6, yaani wati 2,700. Kuanzia Novemba hadi Aprili kuna siku mawingu yanafunga na paneli zinatoa theluthi tu ya kawaida yake. Paneli 6 siku hiyo bado zitakupa kama uniti 3, ambazo zinabeba friji, taa na televisheni. Paneli ni sehemu ya bei nafuu zaidi ya mtambo mzima, kwa hiyo ukiwa na fedha ya ziada iongeze hapo kwanza.

Betri inapimwa kwa usiku, si kwa siku nzima. Usiku wa nyumba hii ni taa, televisheni, feni, nusu ya friji na simu: karibu uniti 2.9. Betri moja ya lithiamu ya volti 51.2 na ampia-saa 100 ina uniti 5.1, na ukitumia asilimia 80 unapata 4.1. Inatosha na baki. Kwa betri za gel au za asidi usishuke chini ya nusu, la sivyo zinakufa mapema. Betri 4 za volti 12 na ampia-saa 150 zina uniti 7.2 kwa jina lakini 3.6 kwa matumizi. Angalia sasa kitu kimoja: kama ungetaka kuoga maji ya moto saa mbili usiku kwa kupasha usiku huohuo, betri ingepoteza uniti 1.6 zaidi. Maji yaliyopashwa saa saba mchana ndani ya tangi lenye sponji nzuri yanafika saa mbili usiku yakiwa bado ya moto.

Kiyoyozi nacho ni pampu ya joto, ila inafanya kazi upande wa pili. Kimoja cha aina ya inveta (chenye kompresa inayojipunguzia kasi) cha BTU 9,000, ambacho ni kipimo cha nguvu ya kupooza, kwa usiku mzima wa saa 8 kinaweza kula uniti 3, maana yake betri ya pili. Upepo wa ziwa na feni vikitosha, anza navyo.

Kukagua mzigo kabla ya kulipa

Paneli za uongo zimejaa. Njia ya kuzikamata haihitaji mita. Jua kamili linaleta wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri inageuza kama asilimia 21 kuwa umeme, kwa hiyo mita ya mraba moja inatoa wati 210 hivi. Paneli ya wati 450 lazima ikaribie mita 2.1 kwa 1.04, na uzito wa kilo 23 hadi 25. Ukiona kibandiko cha wati 450 kwenye paneli ya mita 1.5 kwa 0.7, unauziwa paneli ya wati 220 kwa bei ya mbili. Betri ya lithiamu ya uniti 5.1 ina uzito wa kilo 40 na kitu. Ile unayoibeba kwa mkono mmoja kutoka dukani haina seli zinazotajwa.

Pampu ya joto ichunguze kwa namna nyingine. Mzigo wa Kigoma umesafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam kwa treni au lori, na wapakiaji hupenda kulaza vitu virefu. Kompresa ikilazwa, mafuta yake yanakimbilia kwenye mabomba ya gesi. Ikifika, isimamishe wima saa 24 kabla ya kuiwasha. Ukiiwasha siku hiyohiyo, kompresa inajaribu kukandamiza mafuta badala ya gesi na inaharibika bila hata kupiga kelele sana.

Paa

Maji ya Ziwa Tanganyika si ya chumvi, na hilo limetuokoa na kutu inayowasumbua watu wa Tanga na Mtwara. Reli za alumini na vyuma vilivyopakwa zinki vya kawaida vinadumu hapa. Tatizo letu la paa ni mengine: upepo wa kusi wakati wa kiangazi, mchwa, na kivuli.

Panda darini kwanza, usianze na bati. Piga kenchi na papi kwa nyundo ndogo. Mbao iliyoliwa na mchwa inatoa sauti butu na bisibisi inazama. Paneli 6 na reli zake ni kama kilo 165 zilizosambaa mita 13 za mraba. Kenchi nzima haihisi kitu, lakini upepo ukiingia chini ya paneli unavuta juu kwa nguvu kubwa kuliko uzito huo, na hapo papi mbovu inang'oka na bati lake.

Tuko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Juni jua linapita upande wa kaskazini, Desemba linapita kusini. Upande bora wa paa ni unaotazama kaskazini, mwinuko wa nyuzi 10 hadi 20. Usilaze paneli tambarare kabisa hata kama kitabu kinasema nyuzi 5 zinatosha, kwa sababu chini ya nyuzi 10 mvua haioshi vumbi, inalikusanya ukingoni. Paa linalotazama mashariki na magharibi nalo linafaa. Nyumba iliyo chini ya kilima chenye kuzuia jua la asubuhi iweke paneli upande wa ziwa, ambako jua la alasiri halina kizuizi. Ila usichanganye paneli za pande mbili kwenye mstari mmoja wa kuunganisha. Upande ulio gizani unauvuta mstari wote chini.

Kivuli ni adui mkubwa kuliko mwelekeo mbaya. Ujiji kuna miembe mikubwa, na michikichi iko kila kona ya mkoa. Kuti moja likilala juu ya paneli linaweza kuizima theluthi yake. Simama kwenye paa saa tatu asubuhi, saa saba mchana na saa kumi alasiri, uone kivuli kinakwenda wapi, na kumbuka kwamba Desemba kitalala upande mwingine.

Kwa paneli 6 za safu moja, urefu wa kila paneli ukifuata mteremko wa paa, unahitaji hivi:

- reli 2 za mita 6.5 
- miguu 12 ya umbo la L, sita kwa kila reli, isiachane zaidi ya mita 1.2 
- klampu 10 za katikati na 4 za mwisho 
- skurubu zenye mpira mzito chini ya kichwa

Misumari ya bati inaonyesha papi zilipo. Mguu ukae juu ya mgongo wa bati, kamwe si kwenye mfereji maji yanapopita, na skurubu izame ndani ya papi. Reli mbili ziachane kama mita 1.1 hadi 1.3 ili zishike paneli kwenye robo ya juu na robo ya chini. Kama papi hazilingani na umbali huo, ongeza mbao kutoka darini. Usifunge mguu kwenye bati tupu kwa kuwa "silikoni itashika". Silikoni inazuia maji, haizuii upepo. Acha nafasi ya sentimita 10 au zaidi kati ya paneli na bati. Paneli ikifika nyuzijoto 65 inapoteza kama asilimia 14 ya nguvu yake, na hewa inayopita chini ndiyo inayoipooza. Ingiza wavu wa waya pembeni kama manyigu au ndege wamezoea paa lako.

Waya, na kosa linalounguza inveta nyingi

Geuza paneli usome kibandiko. Wati 450 za kawaida huwa na volti 49.5 zikiwa hazijaunganishwa na mzigo, volti 41 zikiwa kazini, na ampia karibu 10.9. Baridi inapandisha volti. Asubuhi ya Kigoma haiwi baridi sana. Kwa nyuzijoto 15 volti 49.5 zinakuwa karibu 51.

Inveta ya volti 48 na wati 3,500 inaweza kuwa na kikomo cha paneli cha volti 450 au 500, au kikomo cha volti 145. Zinafanana kwa nje. Yenye kikomo kikubwa inapokea paneli zote 6 kwa mfululizo, yaani chanya ya moja kwenye hasi ya inayofuata ili volti zijumlishwe: 6 mara 51 ni volti 306, salama. Yenye kikomo cha 145 inapokea 2 tu kwa mfululizo, mistari mitatu sambamba, yaani chanya na chanya, hasi na hasi, ambapo ampia ndizo zinazojumlishwa. Ukiweka 3 kwa mfululizo umefika volti 153, na asubuhi moja ya baridi jua likichomoza ghafla, saketi ya kuingilia inaungua. Mchana wa majaribio ilifanya kazi vizuri, kwa sababu paneli zilikuwa za moto na volti zimeshuka. Soma kikomo kwenye inveta yenyewe, si kwenye boksi.

Chagua mfululizo wa 6 ukiweza, kwa sababu ya waya pia. Kutoka paa hadi inveta tuseme mita 20, kwenda na kurudi 40. Waya wa sola wa milimita za mraba 4 utapoteza kama volti 2 kati ya 246, chini ya asilimia 1. Mistari mitatu sambamba ikikutana kwenye waya huohuo inabeba ampia 33 kwa volti 82, na unapoteza volti 6.5, yaani asilimia 8. Hiyo ni kama kununua paneli ukaitupa nusu yake ziwani. Mistari mitatu sambamba inahitaji pia fyuzi kila mmoja, ya ukubwa ulioandikwa kwenye kibandiko cha paneli.

Konekta ndogo za paneli ndizo chanzo cha moto mwingi wa paa, basi zitazame kwa karibu. Chuna waya milimita 7 hadi 8. Ingiza nyuzi zote kwenye pini, hata moja isibaki nje. Bana kwa koleo la konekta lenye meno yake, si plaizi. Vuta kwa nguvu. Ikitoka mkononi leo, afadhali kuliko kulegea juu ya bati mwezi wa saba. Sukuma mpaka usikie "ta", kaza kofia kwa spana yake. Dume na jike ziwe za kampuni moja, kwa sababu za kampuni mbili zinaingia vizuri lakini chuma hakigusani sawasawa, panapata moto polepole na plastiki inayeyuka. Funga waya kwenye reli usilale juu ya bati, na uache kitanzi kinachoning'inia kabla haujaingia ukutani ili maji ya mvua yadondokee hapo. Darini pitisha ndani ya paipu. Panya wa mwambao hawachagui.

Brekaa ya upande wa paneli na wa betri lazima iwe ya umeme wa moja kwa moja, imeandikwa DC na volti zinazozidi za mstari wako. Umeme wa ukutani unapita sifuri mara 100 kwa sekunde, na cheche inakatika yenyewe. Umeme wa paneli haupiti sifuri, kwa hiyo brekaa ya kawaida ikifunguka cheche inaendelea kuwaka ndani yake mpaka iungue. Kati ya betri na inveta weka waya wa milimita za mraba 35, usiozidi mita 2, na fyuzi ya ampia 125 karibu na nguzo ya chanya ya betri.

Inveta ikae kwenye ukuta wa tofali, mbali na jiko na moshi wa mawese, na nafasi ya sentimita 30 juu na chini. Mijusi hupenda joto lake na hukatiza saketi kwa miili yao; funika matundu kwa wavu mwembamba usiozuia feni. Betri za asidi zinatoa gesi inayolipuka, kwa hiyo chumba chake kipitishe hewa na kisiingie kibatari.

Kama nyumba ina LUKU, unganisha TANESCO kwenye mlango wake wa inveta au kupitia swichi ya kubadilisha. Kamwe usirudishe umeme wa inveta kwenye meinswichi kwa waya wenye plagi pande zote mbili. Umeme unapokatika mtaani, fundi aliye kwenye nguzo anaamini waya umekufa. Kazi ya upande huu ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Radi

Mvua za kwetu zinakuja na radi, na ethi, yaani njia ya kupeleka umeme ardhini, ndiyo sehemu wengi wanaibana fedha. Fimbo ya shaba ya mita 1.5, waya wa milimita za mraba 16, na fremu za paneli pamoja na reli zote ziungwe humo. Lenga ukinzani chini ya omu 10. Kwenye miteremko ya mawe fimbo moja haifiki. Piga ya pili mita 3 pembeni, uziunge, na uchague mahali maji ya bafuni yanaloweka udongo. Usitie chumvi shimoni. Inasaidia miezi michache, kisha inakula fimbo. Ethi ya paneli na ethi ya nyumba ziungwe kuwa moja, maana zikiwa mbili radi inatafuta njia ya kutoka moja kwenda nyingine kupitia ndani ya inveta.

Weka kizuia-radi upande wa paneli, cha volti 600 kwa mstari wetu wa 306, na kingine upande wa umeme wa nyumba. Waya wake kwenda ethi uwe mfupi, chini ya nusu mita, bila kukunjwa. Waya wa chanya na hasi kutoka paani uende sambamba umegusana. Ukiutenganisha unatengeneza duara kubwa linalodaka radi hata ikipiga mbali.

Pampu ya joto

Tangi la lita 150 au 200 lenye kompresa ya wati 500 linatosha watu watano. Likijaa maji linafika kilo 280, kwa hiyo mahali pake ni chini, kwenye jukwaa la zege la sentimita 15, nje chini ya upenu wa paa, karibu na bafu. Kila mita ya bomba ni maji ya moto yanayopoa bure. Dari halilibebi. Mdomo wa kutoa hewa baridi uachwe mita 1 wazi, wa kuvuta nusu mita. Ukilibana kwenye kona, linavuta tena hewa lililokwisha kuipoza na matumizi yanapanda. Kama gesi yake ni R290, ambayo inawaka, lisiingie kamwe kwenye chumba kilichofungwa.

Hewa ya ziwa ina unyevu, hivyo mashine itatoa maji kama kiyoyozi. Bomba la milimita 20 liyapeleke bustanini kwa mteremko. Bomba la maji ya moto liwe la plastiki aina ya PPR, daraja la PN20, livishwe sponji. Upande wa maji ya baridi weka koki, kichujio, na vali ya kuzuia maji kurudi. Juu ya tangi weka vali ya usalama, na mdomo wake usizibwe kamwe. Lita 150 zikipashwa zinavimba kama lita moja na nusu hadi mbili, na maji hayo lazima yapate pa kutokea. Watu huona linadondosha mchana, wanafikiri limeharibika, wanaziba. Hapo tangi linageuka bomu.

Simtanki lililo mita 5 juu linatoa msukumo wa nusu ba tu. Tangi linaridhika nao, shawa nyembamba hairidhiki. Tumia kichwa cha shawa cha msukumo mdogo. Jaza tangi mpaka koki ya moto itoe maji bila kupiga chafya, ndipo uwashe umeme.

Mashine ipate brekaa yake ya ampia 10 na brekaa ya kuvuja umeme ya miliampia 30. Hapa pana mtego: inveta nyingi zikiwa kwenye betri zinaacha nyutro ikielea, yaani haijaungwa na ethi, na brekaa ya kuvuja haitaruka hata mtu akipigwa. Fundi apime kati ya nyutro na ethi inveta ikiwa inafanya kazi bila TANESCO. Akikuta volti nyingi, afuate maelekezo ya inveta ya kuunga nyutro na ethi katika hali hiyo.

Kompresa wakati wa kuwaka inavuta mara kadhaa ya wati zake. Pampu ya maji na friji zikianza sekunde hiyohiyo inveta inazima. Tenganisha kwa taima: pampu ya maji saa nne asubuhi, pampu ya joto saa tano hadi saa nane na nusu. Taima huandikwa 11:00 na 14:30. Hakikisha saa ya mashine ni sahihi, kwani wengi huweka 5:00 wakimaanisha saa tano. Wati 500 kwa saa tatu na kidogo zinapeleka maji nyuzijoto 55. Koili ya akiba ya wati 1,500 iliyo ndani izime kwenye mipangilio, iwake tu kwa TANESCO. Mara moja kwa wiki, siku ya jua kali, acha ifike 60 ili kuua vijidudu vya tangini.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Kabla ya kuunganisha mstari kwenye inveta pima volti zake juani: paneli 6 za moto zitaonyesha kama 275 hadi 290. Zikipungua kwa volti 45 hivi, paneli moja haijaingia kwenye mstari. Hakikisha chanya ni chanya. Kisha betri kwanza, paneli pili, mzigo mwisho. Kuzima ni kinyume chake. Kwenye mipangilio ya betri ya lithiamu ya seli 16: kuchaji volti 56 hadi 56.8, kushikilia 54, kukata 48, ampia za kuchaji 50. Usiache mpangilio wa betri ya asidi uliotoka nao kiwandani. Chanzo kiwe jua kwanza, betri, halafu TANESCO.

Kutunza

Julai hadi Septemba moto wa nyika unashusha majivu juu ya kila kitu. Osha paneli alfajiri kabla hazijapata joto, kwa kitambaa laini. Maji ya ziwa yana madini mengi, pH yake iko karibu 9, na yakikaukia kwenye kioo yanaacha madoa meupe. Malizia kwa maji ya mvua au yafute yakiwa bado mabichi.

Madini hayohayo yanaganda ndani ya tangi kama ukoko wa birika, na yanaganda haraka zaidi juu ya nyuzijoto 60. Ndiyo sababu ya kubaki 55 siku za kawaida. Kila miezi 6 fungua koki ya chini utoe lita 10 au 20 mpaka maji yatoke safi. Kila mwaka chomoa fimbo ya magnesiamu iliyo ndani ya tangi, ambayo kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi: ikibaki nyembamba kama penseli, au waya wake wa ndani ukionekana, badilisha siku hiyo, kwa sababu ikiisha ni tangi lenyewe linaloanza kuliwa.